Fildi Isiishie Kwenye Fotokopi

Novemba 1987, katika msitu wa Mahale unaoteremka hadi kwenye maji ya Ziwa Tanganyika, sokwe jike aliyeitwa Chausiku aliugua. Wenzake walikuwa wakila na kuzunguka, yeye amejilaza tu. Kisha akajikokota hadi kwenye kichaka kimoja, akavunja chipukizi, akamenya ganda na kuanza kutafuna kiini chake kichungu, akifyonza maji na kutema makapi. Watu wawili walikuwa wakimwangalia. Mmoja alikuwa Michael Huffman, Mmarekani kijana aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Wa pili alikuwa Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, askari wa wanyamapori na mjuzi wa dawa za miti. Mgeni hakujua maana ya mmea ule. Mwenyeji aliijua: huo ni mjonso, na Watongwe huutumia kwa maumivu ya tumbo, homa na minyoo. Kesho yake Chausiku alikuwa amepata nguvu, anakula.

Makala ya kisayansi iliyotokana na tukio hilo ilitoka mwaka 1989 ikiwa na majina mawili, la Huffman na la Seifu. Wakemia wa Japani wakauchambua mjonso, ambao wanasayansi huuita Vernonia amygdalina, wakatenga kemikali zake chungu na kuzijaribu dhidi ya minyoo ya kichocho. Miaka michache baadaye sokwe mwingine wa Mahale alionekana akitafuna mjonso, na safari hii watafiti walipima kinyesi chake: mayai ya minyoo katika gramu moja yalishuka kutoka 130 hadi 15 ndani ya saa 20 hivi. Seifu naye alikuwa na kisa cha nyumbani kinachofanana na hicho. Babu yake alimwona nungunungu mgonjwa akifukua na kula mizizi ya mmea uitwao mulengelele, akaujaribu kwa wagonjwa wake, ukaingia katika orodha ya dawa za ukoo.

Watu hupenda kukisimulia kisa cha Mahale kwa ajili ya sokwe mwerevu. Mwandishi wa safu hii humtazama zaidi yule mwanafunzi. Alikuwa na muda wa kukaa porini, alikuwa na mwenyeji wa kumuuliza, na alikuwa na swali lake mwenyewe. Mambo hayo matatu ni adimu katika kile ambacho vyuo vyetu hukiita mafunzo kwa vitendo na wanafunzi wenyewe hukiita fildi.

Ikifika Julai, wanafunzi wa shahada ya kwanza hufungasha mabegi kwenda fildi. Wa ualimu husimama mbele ya darasa halisi. Wa uhandisi huvaa kofia ngumu na kushinda juani. Wa biolojia mara nyingi hupewa kiti kwenye kona ya ofisi, anatoa fotokopi, anapanga mafaili, na kufika wiki ya pili ameshakuwa mtaalamu wa birika la chai. Daftari la fildi hujazwa hivyohivyo. Msimamizi kutoka chuoni huja mara moja, hunywa soda, husaini, huondoka. Muhuri unagongwa. Na fedha zimetumika: mkopo wa elimu ya juu una kifungu chake maalumu cha mafunzo kwa vitendo, na mhitimu atakatwa mshahara kuulipa, birika na fotokopi vikiwemo.

Pendekezo ni kwamba sehemu ya vijana hao wapelekwe Kigoma, wakae wiki nane, wasomee vimelea.

Kwa nini Kigoma, mwisho wa reli? Kwa sababu kwenye mwambao mfupi wa Ziwa Tanganyika, kutoka Ujiji hadi kijiji cha Mwamgongo, mtu atakuta vimelea vya binadamu, vya nyani, vya sokwe, vya samaki na vya konokono, na vingine kati ya hivyo havibagui mwenyeji. Mfano wa karibu ni kichocho. Tanzania hutajwa kuwa ya pili barani Afrika, baada ya Nigeria, kwa ukubwa wa tatizo hilo. Kichocho cha tumbo huletwa na mnyoo Schistosoma mansoni. Mtu mwenye mnyoo huyo akijisaidia kandokando ya kijito, mayai huanguliwa majini na kutoa kiluwiluwi chenye vinyweleo, ambacho lazima kimpate konokono wa jenasi Biomphalaria, yule mwenye ganda bapa lililojizungusha kama kamba iliyokunjwa. Ndani ya konokono kimelea huzaliana kwa wiki kadhaa. Kisha hutoka kwa mamia na maelfu, kila kimoja na mkia wenye panda kama ya manati, kikitafuta ngozi ya mtu. Hutoka zaidi mchana, jua linapokuwa kali. Ni saa hizohizo watoto wametoka shule wakikimbilia kuoga, na akina mama wako mtoni na ndoo za nguo.

Biomphalaria hapendi mawimbi. Humpati kirahisi kwenye ufuko wazi unaopigwa na upepo wa ziwa. Yuko kwenye vijito, madimbwi na vihori vitulivu vyenye majani. Huko kwenye mawe na mchanga wa ziwa lenyewe kuna konokono wengine kabisa, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Ujiji iliingia kwenye vitabu vya konokono kabla ya Stanley kumkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Februari 1858, Speke akaokota magamba ufukoni, na kufikia 1859 yalikuwa yameshaelezwa na kupewa majina London. Edward Hore, baharia aliyekuja Ujiji mwaka 1878 na wamisionari wa Kiingereza, aliokota mengine. Konokono mmoja mwenye miiba, Tiphobia horei, amebeba jina lake mpaka leo. Katika miaka ya 1890 akaja J. E. S. Moore, akaona magamba hayo yanafanana na ya baharini, akashawishika kwamba ziwa lilikuwa tawi la bahari ya kale. Alikosea. Lakini alikosea akiwa na konokono mkononi, jambo ambalo wahitimu wengi wa biolojia wa leo hawajawahi kulipata.

Hifadhi ya Gombe, iliyoko kwenye mwambao huohuo, nayo ina sehemu yake katika habari hii ya matumbo. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025, alishuka kwenye ufuko ule tarehe 14 Julai 1960 akiwa hana shahada yoyote. Cambridge walimpokea miaka miwili baadaye. Mwaka 1976 ilichapishwa orodha ya minyoo ya sokwe wa Gombe, na mnyoo mmoja mdogo ukapewa jina la Probstmayria gombensis, kwa heshima ya mahali ulipotoka. Mwaka 1997 watafiti wengine waliandika kwamba nyani wa Gombe wana kichocho cha mansoni, kilekile kinachowapata watu wa vijijini. Kisha mwaka 2017 mtafiti wa Kitanzania Jared Bakuza, na wenzake wa Dar es Salaam na Glasgow, wakachapisha kazi yao juu ya konokono wa Biomphalaria wa Gombe na maeneo jirani. Moja ya hoja zao ni kwamba kumtambua konokono kwa umbo la ganda peke yake kunaweza kumpotosha mtu, ndiyo maana walikwenda hadi kwenye vinasaba. Mwanafunzi angeweza kutumia wiki nzima kulielewa jambo hilo moja kwa kupanga magamba mezani, kuyatenga kwa macho, kisha kuoneshwa alipokosea.

Siku yake ingekuwa hivi. Alfajiri yuko kijitoni, buti za mpira zimefika magotini, glavu mkononi, ana wavu wenye mpini mrefu na anakomba chini ya majani. Anaandika saa, joto la maji, na hatua ngapi kutoka pale watu wanapochota. Konokono wanarudi naye kwenye ndoo. Maabarani kila mmoja anapata kikopo chake chenye maji safi, na vikopo vinapangwa mahali penye mwanga. Baada ya saa mbili anaanza kuchungulia kimoja kimoja. Cha kwanza hakina kitu. Cha ishirini hakina kitu. Anaweza kumaliza mia moja vyote vitupu, akashikwa na wasiwasi kwamba ameharibu kazi, kumbe huenda hayo ndiyo majibu: kwenye kijito hicho, wiki hiyo, konokono wake hawatoi kimelea. Kisha siku nyingine, kwenye kikopo kimoja, maji yanaonekana kuchezacheza kama vumbi kwenye mwanga wa dirishani. Anaweka tone chini ya hadubini na kuiona ile mikia yenye panda ikijipinda. Glavu hazivuliwi.

Kuhesabu mayai kwenye kinyesi cha binadamu ni hatua nyingine, na hiyo inahitaji kibali cha maadili na ridhaa ya wenyewe, kwa hiyo mwanafunzi angeifanya chini ya mtafiti mwenye vibali tayari. Vifaa havitishi. Njia inaitwa Kato-Katz. Wajapani waliianzisha, Wabrazili wakaiboresha mwaka 1972. Kuna kijibao chenye tundu linaloshika miligramu 41.7 za kinyesi, kipande cha selofani kilicholowekwa kwenye gliserini, na hadubini ya kawaida ya shule ya sekondari iliyojaliwa. Mayai yanayoonekana huzidishwa kwa 24 ili kupata idadi katika gramu moja. Chini ya 100 ni maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ni ya kati, 400 na kuendelea ni mazito. Hesabu ya mtoto wa darasa la nne, mtu atasema. Ila mtu huyohuyo akipimwa leo na kesho hutoa idadi tofauti, na mwenye minyoo michache anaweza kuonekana msafi kabisa. Kijana akishayaona hayo kwa macho yake, siku akisoma gazetini kwamba maambukizi yameshuka katika wilaya fulani, atauliza walipimwa mara ngapi.

Asiyetaka kinyesi aende mwaloni Kibirizi alfajiri, boti za dagaa zinapoingia. Dagaa wa Tanganyika ni wa aina mbili, Stolothrissa na Limnothrissa, na kwenye mashavu yao wana minyoo midogo isiyoonekana bila hadubini. Mwaka 2018 kundi la watafiti lililoongozwa na Nikol Kmentová, wa Chuo Kikuu cha Masaryk, Jamhuri ya Czech, liliipa minyoo hiyo jenasi yake, Kapentagyrus, kutokana na kapenta, jina ambalo Wazambia huwaitia dagaa. Limnothrissa walipopelekwa Ziwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960, mnyoo alisafiri nao bila tiketi. Hili si jambo la kufurahisha wataalamu peke yao. Vimelea vinaweza kutumika kama chapa kwenye mifugo: vikifanana au vikitofautiana, hutoa dokezo kama samaki wa kaskazini na wa kusini ni kundi moja linalochanganyika au ni makundi mbalimbali. Nchi nne zinazogawana ziwa hili zinapobishana lini uvuvi ufungwe na wapi, swali hilo lina bei. (Mwaka 2024 upande wa Tanzania ulifungwa kwa miezi mitatu kuanzia 15 Mei; mwanafunzi ambaye angefika Julai hiyo angekuta mwalo mweupe na wauza dagaa wamehamia kwenye mahindi. Panga fildi yako na Wizara ya Mifugo na Uvuvi kwanza.)

Wazo lenyewe la kuwaleta vijana wa shahada ya kwanza kwenye mwambao huu halijazuka leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Gombe ilikuwa na wanafunzi wa Stanford, Marekani, na wengine wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Usiku wa 19 Mei 1975 waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire waliwateka vijana wanne wa kigeni. Wote waliachiliwa baadaye, lakini watafiti wa nje wakaondolewa. Wengi wangetarajia kazi ife. Hilali Matama, Eslom Mpongo na wenzao, watu wa mwambao huu ambao hawakuwa na digrii, waliendelea kuwafuata sokwe kila siku na kuandika walichokiona, kwa Kiswahili. Kumbukumbu za Gombe zinazosifiwa duniani kwa urefu wake zisingekuwa na urefu huo bila daftari zao.

Halafu ukaja Mradi wa Nyanza. Kuanzia mwaka 1998, kwa takriban muongo mmoja, mwanajiolojia Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walileta Kigoma kila msimu wa kiangazi kundi la wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Kimarekani, kwa fedha za mfuko wa sayansi wa taifa lao, wakishirikiana na taasisi ya uvuvi ya TAFIRI na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi kutoka Tanzania na nchi jirani nao walikuwemo. Kila kijana alipewa mada yake: tope la chini ya ziwa, joto la maji, konokono, samaki wa mawe. Mwisho aliandika ripoti yenye jina lake juu. Baadhi yao sasa ni maprofesa, na wanafunzi wao huja Kigoma kwa kazi nyingine. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Wamarekani walilipa ili watoto wao wajifunze kwenye ziwa zuri. Kinachoudhi ni kwamba mradi ulipofika mwisho, mfano wake haukurithiwa. Kituo cha TAFIRI kipo palepale Kigoma. Ziwa lipo, na kina chake cha mita 1,470.

Walezi wa maabara huwa na pingamizi lao, na si la kupuuza: mwanafunzi wa mwaka wa pili huvunja vioo, huchanganya lebo, na akianza kuelewa kazi, likizo imekwisha. Ni kweli. Fundi cherehani naye hupoteza vitambaa kwa mwanagenzi wake, na bado mafundi wanapatikana. Swali la haki ni nani alipie vitambaa hivyo. Mtafiti ambaye bajeti yake imehesabiwa hadi senti ya mwisho hawezi kuambiwa abebe wanagenzi wanne bure. Chuo kinachompeleka mwanafunzi kipeleke na boksi la vioo vya hadubini, glavu na mafuta ya boti.

Pingamizi jingine ni zito zaidi, nalo linatoka kwa minyoo yenyewe. Minyoo haifuati kalenda ya chuo. Kule Mahale watafiti wamewaona sokwe wakimeza majani ya kukwaruza bila kuyatafuna, na majani hayo hutoka na minyoo ya Oesophagostomum ikiwa hai. Tabia hiyo huongezeka mvua zinapoanza, kwa sababu maambukizi nayo hupanda wakati huo. Mwanafunzi wa Julai na Agosti anaona nusu ya sinema, ile ya kiangazi, vijito vimepungua na konokono wamebanana kwenye maji yaliyobaki. Nusu ya masika anaikosa. Dawa yake ilishaoneshwa Gombe: vijana wawili watatu wa kijijini wafundishwe kuhesabu konokono kwa namna ileile, walipwe, waendelee Novemba hadi Aprili, na majina yao yaingie kwenye ripoti kama la Seifu lilivyoingia mwaka 1989. Julai inayofuata mwanafunzi mpya asianze na ukurasa mtupu.

Usalama nao una bei. Anayesoma kichocho bila buti atakipata. Kila mmoja apimwe akifika na akiondoka, na prazikwanteli iwepo kabatini. Ni dawa ileile wanayopewa watoto wa shule kwenye kampeni za serikali, na si haba kwa msomi kuonja uchungu wake.

Ianze kwa udogo. Wanafunzi kumi na wawili, kutoka vyuo vitatu au vinne, wasichaguliwe kwa alama za juu tu. Mtoto wa mvuvi wa Katonga ana mambo anayoyajua kuhusu maji ambayo hayako kwenye mtihani. Mwaka wa kwanza wabaki na konokono na dagaa, ambao hawana fomu ya ridhaa ya kusaini. Wawili wawili wagawane vijito kati ya Ujiji na Mwamgongo. Kila mmoja aje na swali alilolitunga mwenyewe, hata likiwa dogo kiasi cha kuchekesha, kama kwa nini konokono wamejaa chini ya daraja hili na hawapo mita hamsini juu yake. Ripoti iandikwe kwa lugha yoyote ambayo chuo kinataka. Kabla haijaondoka Kigoma, isomwe Mwamgongo, kwa Kiswahili na Kiha, mbele ya wanaofua na kuoga kwenye kijito kilichopimwa, na konokono wenyewe wawe pale mezani ndani ya vikopo, ili mzee anayetaka kubisha achungulie kwenye hadubini kwanza.